Usiuze Uhuru kwa Butura

Mtu wa Karagwe au Kyerwa, mkoani Kagera, hahitaji kuelezwa butura ni nini. Kwa asiyejua, ni hivi. Kahawa ikiwa bado changa mtini, pengine maua tu, anakuja mnunuzi na noti mfukoni. Anajua nyumba ipi ina mgonjwa na ipi ina mtoto aliyerudishwa kutoka shule. Anaitazama mibuni, anataja bei yake, na mwenye shamba anakubali kwa sababu shida haisubiri msimu. Mavuno yakifika, kahawa ile ina mwenyewe mwingine.

Nyumbani kwetu Kanoni butura iliingia mwaka mmoja tu, nami nilikuwa mtoto wa shule ambaye ada yake ndiyo ilikuwa ikitafutwa. Sikumsahau mnunuzi, lakini zaidi sikuwasahau wachumaji wake. Hawakuchagua punje nyekundu kama tulivyofundishwa. Walikamua tawi zima, mbichi na mbivu pamoja, na tawi lililowasumbua walilivunja. Mama alisimama kwenye migomba akitazama, hana la kusema, maana fedha alishaila. Mwaka uliofuata mibuni ile haikutupa kitu cha maana, na mwaka wa pili vilevile. Hasara ya butura haikuishia kwenye bei ndogo. Iliingia hadi kwenye mti.

Leo kuna butura nyingine inayopigiwa debe nchini, na wanaoipigia debe si maadui zetu. Ni ndugu zetu. Utawasikia kwenye vijiwe vya bodaboda, kwenye magenge ya ndizi, kwenye misiba watu wakiota moto usiku, hata maofisini kwa wasomi. Wanasema nchi zetu hizi zinahitaji mtu mmoja mkali. Wanasema demokrasia hailiwi. Uchaguzi ni gharama, Bunge ni posho, vyama vingi ni kelele, haki za binadamu ni hadithi za Wazungu. Atupatie Mungu mwamba mmoja, aachwe afanye kazi, asiulizwe. Kisha wananyoosha kidole magharibi, ng'ambo ya Mto Kagera: tazama Rwanda. Na wanakukumbusha miaka mitano ya Magufuli.

Rai hii imeenea kiasi kwamba anayeipinga huonekana mtu wa vitabu asiyejua njaa. Mimi naipinga, na naipinga kwa sababu ya njaa.

Nianze na lile wanalolisema kwa haki. Mtu aliyemwona mbunge wake siku ya kuomba kura na hakumwona tena mpaka kura nyingine, hana deni la shukrani kwa demokrasia. Aliyepewa kanga na sahani ya pilau badala ya zahanati ana haki ya kuchoka. Na ni kweli kwamba mwaka 2016, chini ya Rais John Magufuli, ada na michango ya lazima iliondolewa hadi kidato cha nne, na wazazi wa Kanoni waliliona hilo kwa macho. Ni kweli pia kwamba watumishi waliozoea kumwambia mwananchi "njoo kesho" walianza kufika kazini mapema. Sitadanganya kwamba hayo hayakuwapo.

Lakini tusichume tawi moja tukaliita shamba. Mwaka huohuo wa 2016 mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiwa, na zuio hilo halikuondolewa mpaka Januari 2023. Septemba 2018 Bunge likapitisha marekebisho yaliyofanya kuwa jinai mtu kutangaza takwimu zinazopingana na za Serikali, kabla ya kulegezwa mwaka uliofuata. Septemba 2017 Tundu Lissu, mbunge na rais wa chama cha wanasheria, alimiminiwa risasi mchana kweupe Dodoma, nje ya makazi yake. Novemba mwaka huo mwandishi Azory Gwanda alitoweka Kibiti na hajaonekana hadi leo. Wapenda mkono wa chuma huyaita haya bei ya maendeleo. Basi tuulize maendeleo yenyewe yalikuwaje pale mkono huo ulipoligusa zao la mkulima.

Tuanze kusini, kwenye korosho. Katikati ya 2018 sheria ilibadilishwa ili ushuru wote wa korosho inayouzwa nje uingie Mfuko Mkuu wa Serikali, na sehemu iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao ikakatwa. Wabunge wa Mtwara na Lindi walipiga kelele. Walikuwa wanajua walichokisema, na hawakusikilizwa. Novemba, wanunuzi binafsi walipotaja bei ya chini, Rais aliamuru Serikali inunue korosho yote kwa Sh 3,300 kwa kilo, na magari ya Jeshi yakapelekwa kubeba. Nchi nzima ilishangilia. Hatimaye, mtu wa vitendo! Kisha yakafuata yale ambayo kamera hazikuyapiga: korosho kulala maghalani, wakulima wengi kusubiri malipo mwezi baada ya mwezi, mwenye duka la pembejeo kuja kudai. Uzalishaji uliokuwa umepita tani 300,000 msimu wa 2017/18 ulishuka chini ya tani 230,000 msimu uliofuata. Je, aliyeamuru aliwajibika? Hapana. Amri haina mtu wa kuiuliza.

Na hapa kwetu Kagera tunakumbuka jingine. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitikisika. Watu wasiopungua 17 walikufa na maelfu ya nyumba yalianguka au kupasuka. Watanzania wakachanga, nchi marafiki zikachanga. Baadaye uamuzi ukatoka juu: fedha zielekezwe kwenye taasisi za umma, mwananchi nyumba yake ajenge mwenyewe. Inawezekana ulikuwa uamuzi wenye hoja. Shule zilihitaji kujengwa, na fedha hazikutosha kila mtu. Ninachouliza ni hiki: mama aliyelala chini ya turubai Bukoba au Missenyi angekwenda kubishana na nani? Kwenye mkutano gani wa hadhara? Huo ndio upungufu wa mtawala asiyeulizwa, hata akiwa na nia njema: anaweza kuwa amekosea na hakuna mtu mwenye ujasiri wa kumwambia.

Mwenzangu atasema: hizo ni kasoro za mtu mmoja, tungempata mwingine mwenye busara zaidi. Nami nasema tulishampata. Mwalimu Nyerere hakuiba. Hakujilimbikizia, hakupendelea kabila lake, alisoma sana, na aling'atuka mwenyewe mwaka 1985. Ukimtafuta mtawala mwema wa chama kimoja katika Afrika yote, hutampata wa kumzidi. Sasa tazama. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa kwa amri. Huku Kagera ushirika haukuwa zawadi ya Serikali. Wakulima wa Bukoba walishagombana na wakoloni juu ya masharti ya kilimo cha kahawa mwaka 1937, na mwaka 1950 walikuwa na chama kikuu chao, BNCU. Jasho la miaka ishirini na sita likafutwa kwa uamuzi wa siku moja, na zao likakabidhiwa mamlaka iliyosimamiwa kutoka mbali.

Ilikuwa mbaya kiasi kwamba Serikali yenyewe ilirudi nyuma. Sheria mpya za ushirika na za serikali za mitaa zilitungwa mwaka 1982, na kufikia 1984 vyombo hivyo vilikuwa vimeanza kurudi. Mwaka huo Nyerere alikiri katika mahojiano kwamba kama angeanza upya asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Namheshimu kwa kukiri huko. Lakini hesabu ni hesabu: kosa ambalo mkulima yeyote wa Kanoni angelitaja siku ya kwanza, lilihitaji miaka minane ya ushirika na miaka kumi na miwili ya halmashauri ili kurekebishwa, chini ya kiongozi bora kuliko wote. Je, chini ya kiongozi wa kawaida litachukua miaka mingapi? Na chini ya mbaya? Ndiyo maana Mwalimu huyohuyo, Tume ya Nyalali ilipokusanya maoni mwaka 1991 na watu wanane kati ya kila kumi wakasema tubaki na chama kimoja, alisimama upande wa wale wawili. Alikuwa amekaa ndani ya nyumba hiyo ya chama kimoja na alijua kwamba haina dirisha.

Sasa twende Rwanda, kwa sababu huko ndiko kila mjadala wa kijiweni unakoishia. Ndiyo, Kigali ni safi. Ndiyo, bima ya afya imewafikia wanyonge, na barabara zao zinatuaibisha. Anayebisha hajafika. Lakini sisi wa Karagwe tuna kumbukumbu ndefu kuliko video za simu. Miaka ya 1980 Rwanda ilisifiwa hivihivi. Juvénal Habyarimana, aliyetwaa madaraka Julai 1973, aliongoza nchi yenye chama kimoja, yenye utaratibu, ambayo wafadhili waliipenda na kuiita Uswisi ya Afrika. Mwaka 1988 alitangazwa kushinda kwa zaidi ya asilimia 99 ya kura. Miaka sita baadaye, wakati wa mauaji ya kimbari, Mto Kagera uliteremsha maiti hadi Ziwa Victoria, na kwenye daraja la Rusumo watu wapatao robo milioni walivuka kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja. Karagwe nayo ikajaa makambi. Wazee wetu waliwapokea watu hao na kuwauliza: kwenu si kulikuwa shwari?

Najua jibu litakalotolewa: ni vyama vingi vilivyoingizwa mwaka 1991 ndivyo vilivyoleta maafa. Sikubali. Waliopanga mauaji ni kundi lililokuwa limeshika dola kwa miaka ishirini na halikutaka kugawana madaraka kama Mkataba wa Arusha wa Agosti 1993 ulivyotaka. Chuki ilikuwa imehifadhiwa chini ya ule utulivu. Haikuwahi kujadiliwa kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kusema kwamba ipo. Simfananishi Paul Kagame na Habyarimana. Kagame ndiye aliyeongoza jeshi lililoyakomesha mauaji yale. Ninafananisha namba tu. Julai 2024 naye alitangazwa kupata zaidi ya asilimia 99. Namba kama hiyo haimwambii mtawala nani ana kinyongo, wapi kuna njaa, nini kitatokea siku atakapoondoka. Anayeitamani Rwanda atamani usafi wake, bima yake na barabara zake, mambo ambayo hayadai mtu yeyote anyamazishwe. Botswana na Mauritius zimepata maendeleo kwa miongo mingi huku zikipiga kura, na mwishoni mwa 2024 serikali za nchi zote mbili zilishindwa kwenye uchaguzi, zikakabidhi ofisi, watu wakaenda kazini kesho yake.

Na tukishavuka mto kwenda magharibi, tuvuke na kwenda kaskazini. Tarehe 25 Januari 1971 umati ulijaa barabara za Kampala ukimshangilia Idi Amin. Walikuwa na sababu. Milton Obote alikuwa ameivunja katiba mwaka 1966, amefunga wapinzani, amepiga marufuku vyama. Watu walisema mwanajeshi atanyoosha mambo. Alipowafukuza Waasia mwaka 1972 walishangilia tena. Haukupita muda mrefu sabuni, chumvi na sukari vikawa bidhaa za kunong'onezana. Mtawala asiyeulizwa, nyumba ikimwia chungu, hutafuta ugomvi kwa jirani: Oktoba 1978 majeshi yake yalivuka mpaka, yakachoma na kupora mpaka Kyaka, daraja likavunjwa, na ardhi yetu iliyo kaskazini ya mto ikatangazwa kuwa ya Uganda. Mkoa huu ulilipa kwa damu gharama ya shangwe zilizopigwa katika nchi nyingine. Ndiyo maana nasema mtu wa Kagera anayeomba mkono wa chuma anaomba kitu ambacho babu yake alikikimbia usiku na godoro kichwani.

Lipo dai la mwisho, tamu masikioni: demokrasia ni ya Wazungu. Historia yetu inasema kinyume. Ni kweli Karagwe ilikuwa na Mukama, yaani mfalme, na Rumanyika aliyempokea msafiri Mzungu Speke mwaka 1861 alisifiwa kwa busara. Lakini Rumanyika huyo alikipata kiti baada ya vita na ndugu yake Rogero, kwa sababu utawala wa mtu mmoja haujawahi kupata njia nyingine ya uhakika ya kurithishana. Mzungu alipokuja hakuleta kura. Alileta Bwana DC: mtu mmoja aliyeteuliwa kutoka mbali, anayekusanya kodi, anayeamuru na anayefunga. Urithi huo bado tunao. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuagiza mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48, na mkuu huyo hakuchaguliwa na mtu yeyote wa wilaya ile. Kwa hiyo ukitafuta cha Mzungu katika utawala wetu, kitafute pale kwenye amri. Wakulima kukaa chini ya mti na kubishana juu ya bei mpaka wakubaliane hakukuletwa na meli.

Hapo ndipo lawama yote dhidi ya demokrasia yetu inapopoteza shabaha. Ndugu yangu anasema imeshindwa. Nami namuuliza: uliijaribu lini? Novemba 2019, kwenye uchaguzi wa vitongoji, vijiji na mitaa, wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi kwa sababu za fomu, vyama vyao vikajitoa, na chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Mwaka 2024 hesabu ilirudi kuwa ileile ya asilimia 99. Oktoba 2025 tulikwenda kumchagua rais wakati Lissu, kiongozi wa chama kikuu cha upinzani, yuko mahabusu kwa shitaka la uhaini, chama chake kimezuiwa kushiriki, na Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo ameenguliwa. Siku ya kura vijana waliingia barabarani, intaneti ikazimwa, watu wakauawa, na matokeo yakatangazwa: zaidi ya asilimia 97 kwa rais aliyekuwa madarakani. Baada ya yote hayo mtu anakaa kijiweni na kusema shida yetu ni demokrasia kuzidi! Mbunge asiyerudi jimboni harudi kwa sababu hakuogopi. Hakuogopi kwa sababu kura yako haiwezi kumtoa. Umeumia kwa kukosa kitu, kisha unaambiwa dawa ni kukikosa zaidi.

Mkulima wa Kanoni haujui uhuru kwa jina la vitabuni. Anaujua kwenye mzani. Akipeleka kahawa yake AMCOS, chama chake cha msingi, anataka kuuona mshale kwa macho yake, na akiona haukuanza sifuri anataka kusema bila kuogopa kuitwa mchochezi. Miaka ya karibuni minada ya kahawa imeletwa karibu na mkulima hapa Kagera, na wanunuzi wanashindana bei watu wakitazama. Bei ilipanda. Sehemu kubwa ya kupanda huko ilitokana na ukame wa Vietnam na Brazil, nami sitampa mtu yeyote sifa ya mvua isiyokuwa yake. Lakini ukame wa Brazil ungemnufaisha nani kama mnunuzi angekuwa mmoja na bei inatajwa chumbani? Wanunuzi wengi, mbele ya macho, na mwenye mali ana haki ya kukataa: hapo mkulima hupata chake. Sijaona sababu kwa nini kanuni inayomfaa kwenye kilo ya kahawa isimfae kwenye kura.

Kwa hiyo kabla ya kumsubiri mwamba, tudai tulicho nacho kisheria. Kijiji kina mkutano mkuu, na kila mkazi mtu mzima ni mjumbe. Unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Twende. Tuulize ushuru wa gulio umekwenda wapi. Kwenye chama cha msingi tuulize makato, moja baada ya jingine. Tudai tume ya uchaguzi isiyoteuliwa na mgombea, tudai kufutwa kwa saa 48 za mkuu wa wilaya, tudai majina ya waliokufa Oktoba 2025 na ya waliofyatua risasi. Haya yanachosha. Ni polepole kama kupalilia. Mwenye haraka atasema ni bora mtu mmoja aje amalize.

Mnunuzi wa butura naye huja na haraka. Nilimwona. Alikuwa mpole, alimwita mama shemeji, na fedha zake zilikuwa za kweli: ada yangu ililipwa wiki ile ile. Siwezi kumlaumu mama, kwa kuwa nilisoma kwa fedha hizo. Lakini ni mama huyohuyo aliyeingia kwenye shamba lile na panga dogo baada ya wachumaji kuondoka, akakata matawi yaliyovunjika moja moja, akaweka samadi kwenye mashina, na kutuapia sisi wanawe kwamba hata shida ikija kubwa kuliko ile, kahawa yake haitauzwa tena ikiwa mtini. Miaka miwili tulikunywa uji bila sukari. Mwaka wa tatu mibuni ikachanua.